Mafaili Yenye Jina la Ukoo

Mashine ilisema hakuna.

Mbonea akafuta, akaandika upya, safari hii maneno mawili tu: Jumatano, Yonazi. Mashine ikafikiri kwa muda wa kupiga chafya moja, ikasema hakuna.

"Si unaona," alisema Naelijwa, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti chake tangu saa tano. "Na mimi ndivyo inavyonijibu."

Mbonea aliinamia vitufe. Alikuwa fundi wa Baraza la Maji la Bonde mwaka wa kumi na moja sasa, na kitu alichokichukia kuliko mashine mbovu ni mtu wa kusimama nyuma yake mashine ikiwa mbovu. Alimwomba akae. Naelijwa akasema amekaa nyumbani wiki tatu akiambiwa hakuna, leo atasimama.

Shauri lake lilikuwa kesho saa tatu asubuhi. Tangu mvua ziwe za wiki tano kwa mwaka, ndiva ya Mkamwe, lile bwawa la mawe na udongo ambalo mababu wa Upare walilijenga mlimani, iliwekewa kifuniko ili jua lisiyanywe maji, na mfereji wake ukawekewa malango ya chuma. Hakuna mtu aliyefungua lango kwa mkono. Mashine ndiyo iliyofungua, kila kaya kwa zamu yake, na ilijua zamu ya kila mtu kwa kusoma daftari la zamu lililoandikwa Baraza lilipoanza. Mwaka huu daftari hilo lilihakikiwa upya, na kila zamu ikatakiwa kuwa na ushahidi, ama hati ya zamani ya kaya, ama neno katika kumbukumbu za wenye maji. Jumatano ya Naelijwa, iliyomwagilia tangawizi yake na ya marehemu mume wake Yonazi kwa miaka kumi na minane, haikuonekana popote. Mashine ikampa Jumatano hiyo jirani wa mpakani, Anaeli, ambaye tayari alikuwa na Jumamosi. Wiki mbili sasa lango lilikuwa limemfungukia Anaeli kwa muda; shauri likimwangukia Naelijwa, lingegeuka moja kwa moja, na shamba lake lingebaki na umande.

Juu ya mlango wa ofisi, kwa rangi nyekundu, kilikuwa kimeandikwa kifungu cha nne cha sheria ya Baraza: Neno ambalo Mashine haikulipata halikusemwa.

"Lilisemwa," alisema Naelijwa, kama vile ukuta umemtukana. "Nilikuwepo. Bibi Nakiete, karani wetu wa ndiva, aliliandika mbele ya macho yangu, kwa ile kompyuta yake ya kijivu."

"Basi kama lipo nitalipata, Mama Ombeni. Ila nipe nafasi nipumue."

Alianza na mambo ya kijinga, kwa sababu mara nyingi kosa huwa huko. Akajaribu herufi kubwa, akajaribu ndogo. Akaondoa tarehe. Akatazama kama kabati la mafaili ya Mkamwe humo ndani ya mashine limefungwa lisisomwe, lilikuwa wazi. Akatazama kama limo katika orodha ya makabati ambayo mashine huyapitia. Limo, la saba kutoka juu. Akafuta faharasa, ile orodha ambayo mashine hujiwekea ya kila neno na mahali lilipo, akaiamuru iiandike tena tangu mwanzo. Kazi hiyo ilichukua saa mbili na dakika kumi. Katika muda huo Naelijwa alimweleza habari za ugonjwa wa Yonazi, za mbolea iliyomwunguzia miche, na za mkwe wake wa Moshi asiyejua kupiga simu, na Mbonea akanywa vikombe vitatu vya chai asijue kama vina sukari.

Faharasa ikaisha. Akaandika Jumatano, Yonazi.

Hakuna.

Mbonea alipiga meza, kijiko kikaruka kikaanguka sakafuni. Alizima mashine, akaiwasha, akajidharau kwa kufanya hivyo, akauliza tena, ikamjibu vile vile, kwa herufi zile zile za kijani, bila haraka. Mjini watu walikuwa wameipa jina. Hawakusema nakwenda Barazani, walisema nakwenda kwa Hakuna.

Mwisho alifanya jambo ambalo fundi wa Baraza hakutakiwa kulifanya. Aliingia mwenyewe katika kabati la Mkamwe, akaanza kufungua faili moja moja na kusoma kwa macho. La thelathini na nne lilikuwa na tarehe ya miaka kumi na sita iliyopita, na katika mstari wa tano yaliandikwa maneno haya: Jumatano ya Yonazi, aliyopewa na kikao baada ya kufa mjomba wake.

Naelijwa aliinama juu ya bega lake. "Hiyo hapo."

"Naiona."

"Na mimi naiona. Sasa huyo wako ana mtoto wa jicho?"

Mbonea alinakili mstari ule, akauhifadhi kwa jina la jaribio, akauliza. Mashine ikajibu papo hapo: limepatikana, moja. Akatazama lile jaribio na lile faili la thelathini na nne. Maneno yale yale, kabati lile lile. Tofauti ilikuwa jina. Faili la Bibi Nakiete liliishia na nukta, kisha neno mkamwe. Akachukua lile jaribio lake, akaliwekea nukta na mkamwe mwishoni, hakugusa kingine chochote, akauliza tena.

Hakuna.

Akaegemea kiti. Jambo lenyewe lilikuwa dogo kiasi cha kuaibisha. Mashine haikuwa ikifungua kila faili ili ijue lina nini ndani. Ilitazama mkia wa jina, zile herufi zinazokuja baada ya nukta, kwa sababu mkia ndio unaoiambia kama hili ni faili la maandishi, ni picha au ni sauti. Ikiujua mkia, hufungua na kusoma. Isipoujua, husoma jina la nje tu kisha hupita, na haimwambii mtu kwamba imepita. Husema hakuna, kwa sauti ile ile ambayo husema hakuna wakati kweli hakuna.

Akahesabu mafaili yenye mkia wa mkamwe. Yalikuwa elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Kwa miaka kumi na moja mashine haikuwahi kusoma hata moja. Na kila asubuhi ya miaka hiyo, kabla ya chai, Mbonea aliweka dole gumba lake kwenye kioo, chini ya maneno yaliyosema: Fundi anathibitisha kwamba Mashine inasoma yote.

*

Alipanda mlimani kwa pikipiki, jua likiwa bado kali. Bibi Nakiete alikuwa na miaka sabini na minane, na alikuwa karani wa ndiva tangu Mbonea akiwa kijana wa kubeba mawe ya mfereji. Alimkuta barazani akichambua maharage. Mbonea alimwamkia, akakaa, akashindwa kuzunguka zunguka. Alimwuliza ni nani aliyemfundisha kuweka lile neno mwishoni mwa kila jina.

Hakufundishwa na mtu. Alisema siku ya kwanza kompyuta ilimwuliza jina la faili, akaandika, ikaweka nukta na vijiherufi vyake vitatu visivyo na maana. Akavifuta akaweka Mkamwe. Mtu ana jina lake na ana jina la ukoo. Faili nalo linazaliwa mahali. La Mkamwe likienda mjini likachanganyika na ya watu wengine, litajulikanaje?

Mbonea alimweleza kilichotokea. Alitarajia ashtuke. Bibi alitupa haragwe bovu uani.

"Miaka kumi na moja unakuja kunisalimia kila Krismasi," alisema, "hukuwahi kuniuliza naandikaje. Leo ndio umekuja na uso huo."

Hilo lilimwuma kwa sababu lilikuwa kweli. Akasema haidhuru, dawa ipo, tena ni rahisi. Kuna orodha ya mikia ambayo mashine inaijua. Ataongeza mstari mmoja wa kuiambia kwamba mkamwe nao ni maandishi, na kufikia kesho asubuhi itakuwa imeyasoma yote.

Mkono wa Bibi ulisimama ndani ya ungo. "Yote?"

"Yote."

"Na ya kuosha mfereji?"

Mbonea aliijua desturi ile, kila mtu wa mlimani aliijua. Kabla ya maji ya kwanza ya msimu, watu wote hushuka mfereji mkavu kuufagia. Wakimaliza, aliyeiba maji msimu uliopita husimama ndani ya mfereji, mbele ya wote, akataja aliiba siku gani na za nani. Aliyeibiwa hujibu neno moja, nimesikia. Mwizi huleta mtungi wa dengelua, pombe ya miwa, watu hunywa, maji hufunguliwa yakapita pale pale aliposimama. Kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kulitaja jambo lile tena, si kwa utani, si kwa ugomvi, si msibani.

"Nilidhani hayo hayaandikwi," alisema.

"Nisipoandika nitajuaje kipi kimekwisha? Mtu akimrudia mwenzake namfungulia, namwonyesha, nasema hili lilioshwa, nyamaza. Nimeandika ili yasisemwe."

Mbonea alijua kilichofuata bila kuambiwa. Kifungu cha tisa cha sheria kilisema kwamba yeyote ambaye kumbukumbu zinaonyesha amekiri kuiba maji, wakati wowote, anapoteza zamu zake zote kwa miaka saba. Kifungu hicho hakikuhitaji kikao wala shahidi. Mashine ikisoma kukiri, hufunga lango la mtu yenyewe. Alimwuliza Bibi ni kaya ngapi za Mkamwe ambazo hazijawahi kusimama mferejini. Bibi akafikiri, akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akabakiza vidole viwili.

*

Naelijwa alikuwa bado ofisini, sasa amekaa kwenye kiti cha fundi mwenyewe. Mbonea hakuwa na nguvu ya kumtoa. Alivuta kigoda, akafungua tena lile faili la thelathini na nne, akasoma kuanzia juu, jambo ambalo mchana hakulifanya kwa sababu ya furaha ya kuuona mstari wa tano.

Mistari ya mwanzo, pamoja na ule wa tano, ilikuwa maneno ya Anaeli. Alikuwa amesimama mferejini akasema ameiba maji Jumatano tatu mfululizo, akijua kwamba ni Jumatano ya Yonazi, aliyopewa na kikao baada ya kufa mjomba wake. Chini yake Yonazi alisema nimesikia. Basi. Kikao chenyewe kilichompa Yonazi zamu hakikuandikwa, maana kilipokaa, miaka miwili kabla ya hapo, Bibi Nakiete alikuwa amelazwa hospitali. Katika dunia nzima, ushahidi pekee kwamba Jumatano ni ya Yonazi ulikuwa kukiri kwa Anaeli.

Naelijwa alisoma polepole, akifuatisha kwa kidole. "Nilikuwa nimesahau kwamba siku aliyoandika Bibi ndiyo siku ile ya mferejini," alisema. Akaondoa kidole kwenye kioo. "Anaeli anajua. Alikiri na mguu wake ukiwa mferejini, na leo ameipokea Jumatano yangu kama barua ya posta."

"Mashine imempa."

"Na yeye hana mdomo wa kuiambia?"

Mbonea alimweleza mambo yalivyo. Hawezi kumtolea faili moja, kwa sababu kila faili lina muhuri uliofungwa pamoja na jina lake. Akibadilisha jina muhuri unavunjika, mashine italiita la kughushi, na wote wawili watalala rumande. Na mkia ama unasomwa ama hausomwi. Akiongeza ule mstari, mafaili elfu mbili na mia tatu yatafunguka kwa pamoja, na kesho asubuhi malango karibu yote ya Mkamwe yatafungwa kwa miaka saba. Walioosha miaka ishirini iliyopita watafungiwa. Waliokufa, watoto wao watafungiwa.

"Mimi na Yonazi hatukuwahi kusimama mferejini," alisema Naelijwa.

"Najua."

"Basi fungua."

"Mama Ombeni."

"Usiniite kwa upole. Mimi sikuiba. Nimekuja na jambo langu moja, lipo, umelisoma kwa macho yako. Kwa nini nikae bila maji ili wezi waendelee kumwagilia? Wewe unaogopa nini? Au na wewe umo?"

Mbonea aliandika namba ya mwaka, akashuka na mishale hadi chini, akafungua faili jingine, akamgeuzia kioo. Humo, mwenye miaka ishirini na sita, Mbonea mwana wa Kiangi alikuwa amesimama ndani ya mfereji wa Mkamwe akakiri kufungua maji ya mjane mmoja usiku wa Ijumaa, kwa ajili ya nyanya.

Naelijwa alimtazama kama mtu anayetazama bei sokoni. "Nyanya," alisema.

"Nyanya."

"Basi ndiyo maana."

Na hapo ndipo palipomchosha Mbonea kuliko kote. Hata kama angekuwa na sababu safi kama maji ya kisima, sasa hakuna atakayeiamini, na yeye mwenyewe hakuwa na hakika nayo. Alimwambia Naelijwa aende akalale, kesho wataonana Barazani. Naelijwa akajifunga kitenge chake vizuri, akasimama mlangoni chini ya yale maandishi mekundu, akasema akipoteza Jumatano yake kwa sababu ya nyanya za Mbonea, atamsema hadi kaburini, tena lake.

*

Asubuhi Mbonea alikunywa chai kwanza. Kioo kiliwaka kikimsubiri aweke dole gumba, kikawaka tena, kikaanza kulia kama kifaranga. Alikiacha kilie.

Ukumbi ulijaa kufikia saa tatu. Mwenyekiti, Twahiri Mjema, alikuwa mtu wa haki na mwenye haraka, na alikuwa na kovu lililotoka sikioni hadi kwenye kidevu. Alilipata kwenye lango la Mkamwe miaka kumi na miwili iliyopita, mwaka ambao watu walisema uongo juu ya zamu hadi wakachomoana mapanga na watu wanne wakazikwa kwa siku moja. Baraza na mashine yake vilizaliwa na makaburi yale manne. Mbonea mwenyewe alibeba jeneza moja. Alilikumbuka hilo wakati Mwenyekiti alipoiamuru mashine itafute Jumatano ya Yonazi, na badala ya hakuna ikaandika: haijathibitishwa na fundi.

Mwenyekiti alimwita mbele, akamwambia aweke dole lake, watu wana kazi mashambani.

"Siweki," alisema Mbonea.

Akaulizwa kama ni mgonjwa. Akasema si mgonjwa, ila maneno yaliyo chini ya kioo kile si ya kweli. Alieleza habari ya mikia kwa urefu, na aliona nyuso zinavyolegea, akalazimika kueleza mara ya pili kwa mfano wa mpagazi anayesoma anwani ya gunia bila kulifungua. Safari hiyo wakaelewa. Kelele zilianza nyuma zikaja mbele. Mwanamke mmoja wa mlima mwingine alisimama akasema mwaka juzi yeye naye aliambiwa hakuna, je na lake lilikuwepo? Mbonea akasema hajui, na kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe, hajui, na kwa miaka kumi na moja amekuwa akisema kwamba anajua.

Mwenyekiti alingoja ukumbi utulie. Aliuliza kama kosa hilo linatengenezeka.

"Kwa dakika moja."

"Litengeneze."

"Hilo nalo silifanyi."

Akaeleza sababu, bila kumtaja mtu. Hakulazimika. Nusu ya ukumbi ilikuwa watu wa Mkamwe, na neno kuosha lilipotoka kinywani mwake, wanaume wazima walianza kutazama viatu vyao. Anaeli, mzee mrefu aliyevaa koti zito, alikuwa amekaa benchi la mbele upande wa walalamikiwa. Uso wake ulibaki vile vile, ila mikono yake iliacha kuchezea kofia.

Mwenyekiti aliuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, wewe umo katika mafaili hayo?"

"Nimo."

"Umekiri mbele ya Baraza."

"Nimekiri mbele yako. Mashine imefungwa, haikuandika."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mwenyekiti hakucheka. Alishika kovu lake bila kujijua. Alisema Mbonea anawarudisha kwenye mapanga. Alisema mashine inaweza kuwa kipofu wa jicho moja lakini haina shemeji, haina nyanya, na hainywi dengelua na mtu, na ndiyo maana hakuna aliyezikwa kwa ajili ya maji tangu iwekwe. Kila neno lilikuwa la kweli, na Mbonea aliona uchungu wa kubishana na mtu anayesema kweli.

"Sijasema itupwe," alisema. "Nasema leo haina dole langu. Soma kifungu cha kumi na saba."

Kifungu kile kiliwekwa kwa ajili ya siku za umeme kukatika, na umeme ulikuwa haujakatika kwa miaka minane. Karani alikitafuta kwa shida. Siku ambayo Mashine haina dole la fundi, shauri litasikilizwa na wenye maji, mahali pa maji.

Mwenyekiti alikisoma mara mbili. Kisha akamwambia Mbonea aweke funguo zake mezani, zote, pamoja na ya choo. Kazi yake imekwisha. Shauri litasikilizwa Mkamwe saa tisa mchana, na kila mtu aache panga nyumbani kwake.

Mlangoni Naelijwa alimkamata mkono. Hakuwa na shukrani hata kidogo. Alisema jana alikuwa na faili lenye jina la mume wake, leo ana mdomo wake peke yake na watu mia moja ambao hawapendi kusikia, na yote hiyo kwa sababu fundi ameota dhamiri asubuhi moja baada ya miaka kumi na moja ya usingizi. Mbonea akasema ndiyo.

*

Maji yalikuwa chini ya kifuniko, na mfereji ulikuwa mkavu, maana haikuwa saa ya mtu. Watu walisimama kingo zote mbili. Bibi Nakiete aliletwa kwa kiti, na kompyuta yake ya kijivu ikawekwa juu ya magoti yake, imefunguliwa.

Naelijwa alisema yake kwa ufupi. Jumatano ilikuwa ya mjomba wa Yonazi, kikao kilimpa Yonazi, na wengi waliopo walikuwepo. Mwenyekiti akauliza nani anakumbuka. Kila mtu aliyekumbuka kikao kile alikumbuka pia siku ya Anaeli mferejini, na hakuna aliyejua jinsi ya kutaja kimoja bila kukanyaga kingine. Mzee mmoja alisema anadhani ilikuwa Jumatano. Mwingine akasema huenda. Mbonea, kando, bila funguo na bila cheo, alimwona Mwenyekiti akitazama mikono ya watu, mmoja mmoja, na alijua anatafuta nini. Akawaza kwamba ikiwa leo damu itamwagika hapa, itakuwa ni yeye aliyeimwaga.

"Mimi nina Jumatano kwa sababu mashine imesema," Anaeli alisema hatimaye. Hakuna aliyemwuliza. "Sikuiomba. Ilikuja."

Naelijwa alimtazama tu. Alikuwa na haki ya kusema mambo mengi, na Mbonea aliona yakimpanda kooni, maneno ya jana yote, Jumatano tatu, mguu mferejini. Akayameza. Alikuwa mtu wa mlima ule, na jambo lililooshwa halirudiwi.

Labda ni huko kumeza alikokuona Anaeli. Alivua koti lake, akalikabidhi kwa mtu wa karibu, akashuka mferejini taratibu kwa sababu ya magoti, akasimama katikati.

"Nimechukua Jumatano mbili, ya juzi na ya wiki iliyopita, kwa mkono wa mashine," alisema. "Ni za Yonazi. Nilijua ni za Yonazi. Mtu asiniulize nilijuaje."

Hakuna aliyeuliza.

Naelijwa alichukua muda wake. Alimwacha asimame pale hadi watu wakaanza kuhamisha uzito mguu huu na huu. Kisha akasema, "Nimesikia."

Mwenyekiti alikuwa bado ameshika kovu lake. Akaushusha mkono. Alisema Jumatano inarudi kwa mwenyewe, na akamwamuru karani wa ndiva aandike. Bibi Nakiete akaandika, kidole kimoja baada ya kingine, kwa muda mrefu, watu wakingoja. Alipomaliza, kompyuta ikamwuliza jina la faili. Akaanza kulipa jina, akafika kwenye nukta, akasita. Akainua uso akamtafuta Mbonea katikati ya watu.

"Baba, sasa niweke nini?"

Mbonea alikwenda akachuchumaa kando ya kiti chake, akasoma alichoandika. Alikata maandishi yale mahali pamoja, yakawa mafaili mawili. La kwanza lilikuwa na mstari mmoja: Jumatano ni ya Naelijwa, mjane wa Yonazi. Hilo akaliwekea vile vijiherufi vitatu visivyo na maana, ambavyo Hakuna alivijua.

La pili lilikuwa na maneno ya Anaeli. Mbonea aliondoa mkono wake kwenye vitufe.

"Hili," alisema, "andika kama ulivyozoea."